Wiki Mbili na Tumbawe la Mpwa Wangu

Haya ninayoandika hakuna atakayeyaamini, na sitamlaumu mtu, maana mimi nilikuwepo kwa macho yangu yote mawili na bado sijayaelewa vizuri. Ni habari za mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, fundi wa meno bandia, ambaye nyumbani kwake anafuga mawe.

Ndiyo, mawe. Msinikatize mapema.

Kazini kwake ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno: meza ndefu, taa yenye shingo ya kukunja, na kimashine cha kusugulia kinacholia kama nyuki aliyeudhiwa. Wagonjwa wanaupita mlango wake bila kumwona, kumbe nusu ya tabasamu za mtaa ule zimetoka mikononi mwake. Ana kibao chenye meno kumi na sita yaliyopangwa mstari, kuanzia jeupe la maziwa hadi la mvuta sigara wa miaka mingi, na kila jino lina namba yake. Anakisogeza mdomoni mwa mtu, anakodoa macho, anataja namba, basi. Hakosei. Siku moja nilicheka mbele yake, akanikodolea hivyo hivyo, akasema, "Mjomba, rangi yako humu haimo."

Huyo ndiye mpwa wangu. Hana maneno mengi, lakini aliyonayo yana ncha.

Sasa sebuleni kwake, pale ambapo watu wenye akili zao huweka kabati la vyombo, ameweka tangi la kioo la lita mia mbili. Ndani mna maji ya chumvi, pampu mbili za kuyazungusha, samaki wawili wadogo wenye kiburi, na matumbawe. Juu kuna taa ya buluu inayomfanya kila mgeni aonekane mgonjwa. Katikati kabisa limekaa tumbawe la zambarau lenye matawi, ncha zake kijani, kubwa kama ngumi yangu.

Nilipoliona mara ya kwanza nilimuuliza amelipaka rangi gani. Msinicheke. Nimekuwa fundi rangi miaka thelathini, nimepaka hospitali, nimepaka hata shule iliyonifukuza, na ninachojua ni kwamba zambarau haiji yenyewe. Inatoka koponi.

"Halijapakwa, Mjomba. Huyo ni mnyama."

"Mnyama gani hana hata mguu?"

"Ni wengi, wadogo wadogo. Kila kitundu kina mmoja wake. Hilo jiwe wamelijenga wenyewe."

"Na rangi?"

"Nyingine ni yao. Nyingine ya vimea vidogo vinavyoishi ndani ya miili yao. Vimea vinawalisha, wao wanavipa makazi. Vikihama, mnyama anapauka, na asipovipata tena anakufa."

Nikahesabu kwa vidole. Jiwe. Ndani ya jiwe mnyama. Ndani ya mnyama mpangaji. Na mpangaji akihama, nyumba inakosa rangi! Katika kazi yangu mambo ni kinyume, mpangaji akihama ndipo tunapaka.

Msidhani alizaliwa akijua. Matumbawe matatu ya mwanzo yalimfia. La kwanza aliliweka karibu mno na taa, likaungua. La pili lilikosa mkondo wa maji, likajaa uchafu. La tatu mpaka leo hajui lilikufa kwa nini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akataka kuacha. Ndipo mfamasia mmoja mstaafu, mzee aliyekuja kutengenezewa meno ya juu, alipomsikia akilalamika, akasema na yeye anafuga. Wiki iliyofuata alirudi na kipande cha zambarau sawa na ukucha, ndani ya chupa ya dawa. Akamwambia, "Chukua. Langu likifa, wewe utanirudishia. Lako likifa, nitakupa jingine." Kipande hicho ndicho kilichokua miaka sita mpaka kikawa ngumi.

Na kweli, mwaka huu umeme ulikatika kwa mzee siku tatu, tangi lake lote likafa. Limebaki la mpwa wangu peke yake. Akamwahidi: mwisho wa mwezi, Jumamosi, uje uchukue kipande chako.

Ndipo kazini wakampeleka kozi ya wiki mbili, mji mwingine. Na ndugu mwenye nafasi, mwenye mikono ya ufundi na anayeaminika alikuwa nani? Basi.

Alinionyesha kila kitu akiwa tayari na begi mkononi. Taa inajiwasha yenyewe. Samaki, chakula kidogo, ncha ya kijiko. Pembeni ya tangi madumu mawili: jeupe lina maji ya chumvi aliyoyachanganya tayari, la buluu lina maji matamu yaliyochujwa. Kwenye kioo amechora mstari kwa kalamu.

"Maji yanapungua kila siku kwa joto la taa. Yakishuka chini ya mstari, ongeza." Teksi ikapiga honi. Akageuka mlangoni. "Halafu usitie chumvi, Mjomba. Nakujua!"

Ile "nakujua" ilinichoma. Ukoo mzima husema natia chumvi. Nikisema nilikutana na mbwa mkubwa, wanagawa kwa mbili. Nikaapa moyoni: safari hii nitamwonyesha. Kila siku nitampigia simu na kumweleza yaliyopo, bila kuongeza hata punje.

Na maji nikaongeza. Ya dumu gani? Nawauliza nyinyi mliosoma. Tangi lina maji ya bahari, maji ya bahari yamepungua, utaongeza nini? Ukipaka ukuta kijani, rangi ikapungua, utamalizia na nyeupe? Nikachukua dumu jeupe. Mstari ukafikiwa sawasawa, nikajipongeza. Lilipoisha nikachanganya jingine kwa vipimo alivyobandika ukutani, maana kusoma vipimo najua.

Siku tano za kwanza niliripoti kama karani. "Samaki wawili. Jana pia walikuwa wawili." Mwenyewe nilijishangaa. Siku ya sita vile vidomo vya kijani vinavyochungulia kwenye vitundu vya tumbawe havikutoka. Siku ya nane zambarau ilikuwa kama shati lililofuliwa mara nyingi.

"Limefunga," nikamwambia kwenye simu. "Halafu limefifia."

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Joto?"

"Ishirini na tano, kama ulivyoandika."

"Pampu zote mbili?"

"Zinazunguka mpaka samaki wanaona kizunguzungu." Nikajirudi haraka. "Hapana, samaki hawaoni kizunguzungu. Zinazunguka tu."

"Maji unaongeza?"

"Kila siku, mpaka kwenye mstari."

"Na chumvi hutii?"

"Mwanangu, naapa. Hata punje! Tangu umeondoka sijatia chumvi hata mara moja, muulize mama yako, nimekuwa mtu mwingine."

Nikasikia akihema. "Basi sielewi," akasema. "Ni kama lile la tatu." Sauti ilikuwa ndogo, ya alipokuwa na miaka saba. Na mimi sikuelewa. Nikavuta kiti mbele ya tangi, nikalitazama lile jiwe, nalo likanitazama. Nikaliongezea maji.

Siku aliyorudi hakuvua hata viatu. Alipiga magoti mbele ya kioo, akatoa kibao cha meno begini, akakiegemeza pale ambapo tumbawe limepauka zaidi.

"Namba tatu," alisema.

Sikujua kama tatu ni nzuri au mbaya. Nikasema, "Hongera."

Akanitazama. Halafu akachukua kidarubini chake cha kupimia chumvi ya maji, akakidondoshea tone moja la tangi, akakielekeza dirishani. Akafuta, akapima tena. "Arobaini na moja. Iwe thelathini na tano. Mjomba, umetia chumvi!"

"Sijatia!"

"Umetia."

"Niliyosema yote yalikuwa kweli! Nitajie moja la uongo!"

"Nani anazungumzia uongo? Nasema chumvi."

"Na mimi nasema hiyo hiyo chumvi!"

Tulikwenda hivyo kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu upande wake. Mwisho akaliona dumu la buluu limejaa pomoni, jeupe tupu. Akaketi sakafuni. "Mjomba," alisema polepole, "maji yakikauka, chumvi haikauki. Inabaki. Ndiyo maana unaongeza matamu. Nilikuambia usitie chumvi."

Nikaeleza nilivyoelewa. Alitazama dari muda mrefu, na mpaka leo sijui alikuwa anazuia kicheko au kilio. Vyote viwili vilimpitia usoni.

"Dawa yake?" nikauliza, nikanyanyua dumu la buluu lote. "Nayamwaga sasa hivi!"

"Weka chini! Ukishusha ghafla utaliua mara ya pili."

Basi kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni alitoa jagi moja la maji ya tangi, akarudisha jagi moja la maji matamu, akapima, akaandika. Siku sita. Mimi niliruhusiwa kushika taulo. Kila siku kibao kiliegemezwa kwenye kioo, na mimi sikuthubutu tena kusema hongera. Tawi moja la pembeni lilibaki jeupe kabisa, akalikata na kulitupa. Kwenye matawi yaliyobaki, siku ya saba, niliona kidomo kimoja cha kijani kinachungulia. Nikamwita. Kikaingia. Akaja, kikatoka. Mnisaidie, kinajuaje nani amekuja?

Jumamosi mzee mfamasia alifika na kikopo chake chenye sponji ndani. Mpwa wangu alimweleza yote, na jina langu akalitaja mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kisha akachukua koleo za kazini, zile za kukatia waya wa meno, akazamisha mikono mpaka kwenye viwiko, tukasikia *tak*. Mzee alipokipokea kipande chake alilia, nawaambieni, alilia mpaka miwani ikaogelea, akanishika mkono mimi, si mwingine, akasema nimeokoa ukoo mzima wa tumbawe, na kipande chenyewe kilikuwa kinawaka zambarau, kikubwa kama sinia la—

"Kifungo cha shati, Mjomba," anasema mpwa wangu, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu tangu saa ngapi sijui. "Na mzee alikuwa na mafua. Futa."