Kitabu Kinasema Ninyamaze, Lakini Jina la Baba Mkwe Lina Mtu Tayari

Admin, nifiche tafadhali, maana huku kwetu Kebirigo hata kikohozi cha mtu kinajulikana ni cha nani. Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina wasichana wawili na mimba kubwa. Nimechoka na nimekasirika, na kila ninayetaka kumkasirikia ananiambia tuombe.

Mume wangu alikuwa ananunua vinyago vya mawe Tabaka na kuwauzia wafanyabiashara wa Nairobi. Kidogo kidogo akahamia hukohuko Tabaka, akakodi nyumba na mwanamke mwingine, wakapata mtoto wa kiume. Kwangu akawa anakuja kama mgeni, na akija ni matusi. Halafu akaanguka na pikipiki, akaumia kichwa. Alipozinduka hospitalini alinijua mimi, akamjua mamake, lakini miaka ya karibuni yote ilikuwa imefutika. Kifungua mimba wetu ameanza shule, yeye akaniuliza kama bado ananyonya. Yule mwanamke wa Tabaka alipokuja na mtoto mgongoni, mume wangu alimsalimia kwa adabu kama mtu wa kanisa jirani. Mama mkwe akamshika mkono, akamtoa nje.

Tangu hapo nina mume mpya. Tunachuma majani chai pamoja, anawapeleka watoto kanisani Sabato, ananiuliza kama nimekula. Nampenda huyu jamani. Yule wa zamani sitaki arudi hata kusalimia.

Sasa sikilizeni habari ya kitabu. Akina mama wa kanisa letu tuna kikundi cha kusoma, Sabato alasiri. Mke wa mzee wa kanisa alinunua mjini Kisii hadithi ya Kikristo ya kusisimua. Mwanamke anapoteza kumbukumbu, kuna mtu anamwinda, mumewe aliyemkosea anamficha yaliyopita, na mwisho mama wa watu anamwomba Mungu asimrudishie kumbukumbu. Wanaishi raha mustarehe. Kiko kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye ninayesoma huku nikiwatafsiria kwa Kiekegusii chetu, na kwa sababu ya mimba hii tunasomea sebuleni kwangu.

Siku tulipomaliza kila mtu akatoa maoni yake. Mmoja alisema ameogopa mpaka anaenda chooni na mtoto. Mwingine akauliza mbona watu wa kitabu hawali. Mimi nikasema mwisho haukunipendeza, mwandishi alichoka akamwachia Mungu kazi iliyobaki.

Mke wa mzee akanikata kauli. "Mama Moraa, wewe ndiye hufai kusema hivyo. Mungu akishapangusa ubao, wewe chaki unatafuta ya nini?"

"Yaya, asitafute," mama mkwe, naye yumo kikundini, akaitikia. Yaya kwetu ni hapana.

Wakacheka huku wakinitazama. Hapo nikajua hatuzungumzii kitabu tena, na pengine hatukuwahi kukizungumzia.

Mume wangu alikuwa anatuletea chai. Akasimama na birika mkononi. "Lakini huyo mama wa kitabu, mbona kila mtu anajua maisha yake isipokuwa yeye? Mimi ningetaka kuambiwa."

Ghafla kila mtu akawa anatafuta sukari.

Ningeweza kuvumilia hayo yote. Kilichonimaliza ni kliniki. Nesi aliniambia mtoto huyu ni mvulana. Nilipomwambia mume wangu alipiga magoti palepale jikoni kumshukuru Mungu. "Asante Nyasae! Sasa jina la baba limepata mtu." Huku kwetu mtoto hurithi jina la mzee aliyefariki, na baba yake alifariki kabla hatujaoana. Anaamini jina hilo limekuwa likisubiri miaka yote hii.

Halijasubiri. Alimpa mwenyewe yule mtoto wa Tabaka, na mwenye jina sasa anatembea na kuvunja vikombe. Mama mkwe anajua, kwa sababu ni yeye aliyepeleka kuku na mkungu wa ndizi kumkaribisha huyo mjukuu. Sasa baba mmoja atawaitaje wanawe wawili jina moja? Nilimwuliza, "Mama, na yule wa Tabaka?" Akaniangalia machoni. "Yupi? Si umesoma kitabu mwenyewe?"

Nimekisoma. Kitabu hakina mtoto! Mwandishi alisahau kumweka, ndiyo maana mambo yakawa rahisi.

Yule mwanamke alinipigia simu. Nilijiandaa kumtukana, Mungu anisamehe. Akasema, "Dada, mume kaa naye. Mimi nataka tu mtoto ajulikane kwao."

Sasa kikundi kimeamua kwamba makambi yakifika, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, nisimame mbele ya kanisa zima nitoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoifanya ndoa yangu kuwa kama ile ya kitabuni. Mume wangu atakuwa ameketi pale mbele, akiitikia amina kwa mambo asiyoyajua.

Juzi tukiwa shambani aliacha kuchuma. "Mama Moraa, kuna kitu mnanificha?"

Nikamwambia kikapu chake kimejaa. Hakikuwa kimejaa, na yeye alikiona.

Nikimwambia, huenda yule wa zamani akarudi na nibaki na matusi na mtoto mchanga. Nikinyamaza, nitakuwa nimesaidia kumfuta mtoto wa watu ambaye hakunikosea lolote. Wafuasi wa ukurasa huu, naomba msinitumie mistari ya kile kitabu, mwisho wake naujua. Niambieni jambo moja tu. Siku nitakapojifungua, baba yake akimbeba na kumwita kwa jina la ndugu yake wa Tabaka, mimi niitikie?