Fundi Redio na Kompyuta ya Mwalimu Naima

Nikodemu Chilumba alianza ufundi wa redio pale Kimara miaka ile ya uhaba, wakati redio ikiharibika ilikuwa lazima itengenezwe, maana nyingine ungeipata wapi? Kufikia mwaka 1996 mambo yalikuwa yamegeuka. Redio kutoka Dubai zilijaa madukani, na watu wakawa wanatupa mbovu na kununua mpya. Siku nyingine Nikodemu alikaa kwenye kibanda chake cha mabati, pembeni ya Barabara ya Morogoro, tangu asubuhi hadi jioni bila kushika bisibisi. Mkewe, Monica, alikuwa ameanza kumshawishi abadilishe kibanda, auze sabuni na chumvi. Nikodemu hakukataa wala hakukubali.

Ijumaa moja alasiri alikuja Mwalimu Naima Abdulrahman, aliyefundisha sayansi shule ya msingi ya jirani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Redio imemeza kaseti tena?"

"Leo siyo redio. Ni kompyuta yangu ya nyumbani."

Nikodemu akacheka kidogo, kisha akaona mwenzake hacheki. Naima akakaa kwenye benchi na kumweleza. Kompyuta ile aliletewa na kaka yake, Suleiman, anayeishi Maskati. Kwa miaka miwili, kila akitoka shule, alikuwa anaandika humo kitabu cha sayansi cha darasa la saba. Sasa imeingia wazimu.

"Naandika neno, herufi zinatokea nimeshasahau nilitaka kusema nini. Mara inaganda. Mara inajizima na kujiwasha yenyewe, na nilichoandika chote kimekwenda."

"Mafundi wa mjini hawajaiona?"

"Alikuja mmoja. Hakukaa hata robo saa. Akasema dawa yake ni kufuta kila kitu kilichomo, ianze upya. Nikamwambia kitabu changu kimo humo humo. Akaniambia pole."

"Nakala nyingine huna?"

"Ninazo disketi. Nikizitia, haisomi hata moja."

Nikodemu akafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu. "Mwalimu, nisikudanganye. Mie kompyuta siijui. Nimeiona kwa mbali tu, benki."

"Najua," alisema Naima. "Lakini redio ya marehemu mama waliikataa mafundi watatu, wewe ukaiponya. Njoo uitazame tu. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa kama wenzio."

Jumamosi asubuhi alikwenda na kikapu chake cha vifaa. Kompyuta ilikuwa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, ukutani pembeni ya dirisha linalotazama barabara ya vumbi. Nikodemu hakuigusa. Alivuta kiti, akauliza swali analowauliza wote wanaomletea redio.

"Ilianza lini?"

Naima akafikiri. "Kuganda kulianza baada ya mfungo. Kuchelewa ni kwa siku nyingi, kumekuwa kukiongezeka taratibu."

Hapo Nikodemu akajua kwamba hatafuti ugonjwa mmoja. Akachomoa waya ukutani, akafungua boksi. Ndani vumbi lilikuwa limelala kama blanketi, feni imezibwa, na kwenye pembe kulikuwa na mayai mawili ya mjusi. Naima akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, kwa aibu, kana kwamba mgeni amefungua kabati lake la nguo.

"Siyo kosa lako, mwalimu. Redio zote za Kimara ziko hivi."

Akasafisha kwa brashi ya rangi, polepole, akipuliza kila kona. Alipofika kwenye mlango wa disketi, akachungulia kwa tochi na kusita. Mle ndani kulikuwa na kichwa kidogo cha kusomea, ndugu wa kile cha redio kaseti. Kimefunikwa na uchafu wa kahawia anaoujua kama anavyoijua sura yake. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akachovya pamba kwenye spiriti, akakifuta hadi kikang'aa.

Akarudisha kila kitu, akachomeka waya, akabonyeza swichi.

Kioo kilibaki cheusi. Kompyuta ikalia: pi, pi, pi. Kimya.

Naima aliinama, akakikagua kioo kwa karibu. Kisha akarudi kukaa, mikono mapajani, na hilo lilimuumiza Nikodemu kuliko matusi. Yule wa mjini alitaka kufuta. Yeye, fundi redio, ameiua kabisa. Alijiona anarudi kibandani kuuza chumvi.

Akawasha tena. Pi, pi, pi. Akafumba macho, akasikiliza. Kitu kilichokufa hakilii mara tatu zile zile kila unapokigusa. Hiki kinalalamika, na malalamiko yake ni ya namna moja.

"Mwalimu, kuna kitabu kilichokuja nayo?"

Naima akakimbilia chumbani, akarudi na kijitabu cha Kiingereza. Akapitisha kidole kwenye kurasa. "Milio mitatu... ni memori. Inasema vipande vya memori havijakaa sawasawa."

Ni vile Nikodemu alivyovisukuma mwenyewe kwa brashi. Akavichomoa vyote viwili, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli ya Naima, akavikandamiza hadi vikatoa sauti ya kukaa. Kompyuta ikalia mara moja tu. Maandishi yakapanda kwenye kioo.

"Kabla ya lolote," alisema Nikodemu, "toa kitabu chako."

Naima akatia disketi mpya, moja baada ya nyingine. Taa ya kijani ikawaka, mtambo ukakoroma, na sura ya kwanza ikapita. Kisha ya pili. Zilikuwa sura tisa. Ya tisa ilipomalizika alishika disketi zote kwa mikono miwili, akainama, na machozi yakamtoka. Nikodemu akaangalia dirishani hadi alipomaliza.

Walikuwa wanakunywa chai kompyuta ilipojizima na kujiwasha. Sekunde ile ile, kutoka jikoni, Nikodemu alisikia mngurumo.

"Nini hicho?"

"Friza. Nauza barafu na juisi za watoto."

"Uliinunua lini?"

Naima akaweka kikombe chini. "Baada ya mfungo."

Nikodemu akachomeka mita yake ya kupimia umeme kwenye soketi, wakasubiri wote wawili wakiitazama. Friza ilipoamka, mshale ukaanguka kama mtu aliyepigwa ngwala, kisha ukainuka. Waya mmoja mwembamba ulikuwa unalisha vyote viwili. Alasiri ile alivuta waya mwingine mnene kutoka kwenye swichi kubwa hadi jikoni, na friza ikawa na njia yake.

Ule uzito wa kuchelewa waliupata kwenye kijitabu. Disiki ilikuwa imejaa, na kuzimikazimika kulikuwa kumevuruga mpangilio wake. Naima alifuta mambo ya zamani asiyoyahitaji, akaandika amri kama ilivyoelekezwa, na kioo kikajaa vijisanduku vya rangi vilivyoanza kuhama kimoja kimoja, vikijipanga. Walikaa saa nzima wakivitazama bila kuchoka. Ilipokwisha, Naima aliandika jina lake, na herufi zikatokea sambamba na vidole.

Mwezi wa Oktoba alichapa nakala ya kwanza ya kitabu, akampelekea Nikodemu kibandani. Nikodemu aliishia darasa la nne, lakini aliisoma yote, kidogo kidogo, kwa wiki mbili. Kisha akamfuata nyumbani, akiwa amekunja ukurasa mmoja.

"Mwalimu, samahani. Mchoro huu umeweka fyuzi upande ambao moto wa umeme umeshapita kwenye taa. Mtoto akiufuata, fyuzi itakatika, taa itazimika, ataamini pako salama. Atashika waya na moto bado upo."

Naima alifuata mstari wa waya kwa kidole hadi kwenye fyuzi. Kisha akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Kaa, fundi. Nielekeze inavyotakiwa, niichore upya."