Mabonde ya Alhamisi Jioni

Kamati ya kongamano ilitaka kurasa sita. Si sita na mstari mmoja; sita. Kila ukurasa safu mbili, herufi za ukubwa wa kumi, pambizo kama walivyozipima wao, na namba za kurasa zisiwekwe kwa sababu wataziweka wenyewe kitabu kitakapokusanywa. Walituletea na kiolezo, faili iliyojaa maneno yasiyo na maana, ili mtu ayatoe ayaweke yake. Makala yangu yalikuwa na kurasa saba na nusu. Nimefundisha uhandisi wa majengo miaka mingi katika chuo kimoja hapa Mombasa, na wanafunzi nimewafokea sana kwa kupayuka. Sasa nilikuwa nimeketi mezani kwangu Tudor, Jumamosi asubuhi, chai imepoa, natafuta neno la kukata na kila neno naliona la lazima.

Makala yalihusu unyevu katika kuta za mawe za Mji wa Kale. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua. Uliopigwa saruji hufungia maji ndani mpaka ukaanza kumomonyoka. Hilo mafundi wa zamani walilijua, lakini kongamano halitaki kuambiwa, linataka grafu. Nyumba niliyoipima ni yetu, nilimozaliwa. Penye miti hakuna wajenzi, husemwa, nami nikataka kwa mara moja mjenzi aonekane penye miti yake.

Kifaa cha kupimia ni kidogo, hakizidi kiberiti. Hukiweka mahali, kikajiandikia chenyewe mchana na usiku unyevu wa hewa iliyokizunguka. Nilikitia katika kidaka kimojawapo, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, katika chumba cha ndani alimolala mama. Baba alikuwa ameshatangulia, ndugu zangu wametawanyika, na mama alikuwa akikaa peke yake katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi.

"Hicho kidude chafanya nini humo?" aliniuliza.

"Chapima unyevu, mama."

"Chalala, au ki mato usiku kucha?"

"Hakilali."

"Si haba," akasema. "Sasa tu wawili."

Nilicheka. Ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya kwenda kula wali wake, na mama alikuwa mtu wa mzaha; hungeweza kujua wapi mzaha umeishia.

Kisha mama akafariki, ghafla, na siku ile ile tukamzika kama ilivyo ada. Katika pilikapilika za watu kuingia na kutoka, hakuna aliyekikumbuka kifaa kidakani. Milango ilipofungwa na ndugu zangu kurudi makwao, chenyewe kiliendelea kuandika.

Nilipokuja kupakua data yake, niliona mstari wenye nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa na mabonde: mstari unakwenda vizuri, mara unaporomoka, halafu unapanda tena taratibu, na baada ya wiki unaporomoka vilevile. Nusu ya pili ilikuwa imetulia, unyevu wa pwani unapanda na kushuka kidogo kidogo kama kawaida yake. Nikaangalia siku za mabonde. Zote zilikuwa Alhamisi, baada ya maghribi.

Sikuwa na haja ya kutafuta sababu. Kila Alhamisi jioni, Ijumaa ikiingia, mama alifukiza ubani, na chetezo kiliwekwa chini ya kidaka kile kile tangu enzi za bibi yangu. Makaa yakishika moto, hewa iliyo juu yake hukauka na mstari hushuka. Makaa yakizimika, unyevu hurudi. Mimi niliyelelewa katika moshi ule, mwenye shahada zangu ukutani, ndiye niliyekipandisha kifaa juu ya chetezo. Fundi yeyote wa mtaani angenicheka, na angekuwa na haki.

Katika nakala ya kwanza niliyoipeleka niliandika tu "mabadiliko katika matumizi ya chumba", maneno ya kitaalamu ya kutosema kitu. Mhakiki, ambaye jina lake hatuambiwi, hakudanganyika. Aliandika kwa adabu kwamba nusu ya kwanza ina hitilafu inayojirudia, pengine kifaa kilikuwa kibovu; nusu ya pili ni safi; basi waandishi watumie nusu ya pili peke yake.

Safi. Neno hilo liliniudhi mpaka nikainuka mezani.

Mwandishi mwenzangu ni mtu wa bara, mhandisi mwenye roho nzuri, tuliyefundisha naye mpaka alipopata kazi kwao akapanda basi Mwembe Tayari na vitabu vyake ndani ya magunia. Alinipigia simu mchana ule.

"Mwalimu, huyo mhakiki ametuokoa," akasema. "Toa nusu ya kwanza. Mchoro unakuwa mdogo, maelezo yake yanatoka, tunapata kurasa sita bila jasho."

"Nusu ya kwanza ndiyo nyumba yenye mtu," nikamwambia.

"Na ya pili?"

"Nyumba tupu."

Alikuja mazishini yule, alikaa mkekani na jamaa zetu mpaka jioni. "Pole, Mwalimu," akasema. "Lakini sisi tunapima kuta."

Alisema kweli, na ukweli wake ukanikera zaidi. Nilipokata simu nikafanya kama alivyosema, nione tu. Nikaitoa nusu ya kwanza. Safu zikasogea, michoro ikapanda, marejeleo yakajikunja, na makala yakalala katika kurasa sita kama mtoto aliyeshiba. Kazi iliyonishinda asubuhi nzima ilikwisha kwa kufuta tu siku za mwisho za mama yangu. Mstari uliobaki ulikuwa mzuri. Ungeuonyesha popote na usiulizwe swali.

Nililia. Chini barabarani tuktuk zilikuwa zikipita, jirani amefungulia runinga, na mimi ninalia mbele ya grafu. Nilikuwa mpweke, sioni haya kulisema. Mpweke wa namna ambayo mtu hutamani hata mhakiki asiye na jina apige hodi.

Nikairudisha. Hoja ya kitaalamu nilikuwa nayo ndogo tu: nyumba hukaliwa, na ukuta unaopimwa pasipo mtu ndani haujapimwa wote. Hoja kubwa ilikuwa yangu mwenyewe, na hiyo haina mahali katika kiolezo. Jumapili kutwa nikakata vingine. Ikaondoka aya ya historia ya chokaa, niliyoipenda kuliko zote. Likaondoka jedwali zima. Zikaondoka shukrani kwa chuo, na mkuu wa idara anisamehe. Badala ya "mabadiliko katika matumizi ya chumba" nikaandika chini ya mchoro: kushuka kwa kila Alhamisi jioni kunatokana na ubani uliofukizwa na mwenye nyumba, na kulikoma alipofariki. Kwa Kiingereza ilitoka kavu zaidi, na labda ni afadhali. Mwenzangu aliisoma akanijibu kwa neno moja, "Sawa", na sikumuuliza alimaanisha nini.

Nikapakia faili. Mtambo wao ukakagua pambizo, herufi na ukubwa wa michoro, ukatoa alama ya kijani kwamba makala yamekubaliwa. Zamani habari kama hiyo ningempigia mama, naye angesema Alhamdulillahi kabla hajauliza ni habari ya nini. Niliitazama alama ile mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Alhamisi iliyofuata nilipanda tuktuk hadi Mji wa Kale, nikanunua ubani, nikafungua nyumba. Chumba cha ndani kilinuka ukuta mbichi. Kifaa kilikuwa bado kidakani, sijapata moyo wa kukiondoa. Adhana ya maghribi ilipokwisha nikasali, nikawasha makaa, nikaweka chetezo chini ya kidaka mahali pake, nikatia ubani kwa mkono wa ukarimu. Moshi ukajaa mpaka nikakohoa, macho yakachuruzika. Nikaketi juu ya kitanda chake. Niliwaza kwamba sasa tu wawili, mimi na kile kidude, na safari hii nikajua hakukuwa na mzaha wowote katika maneno yale.

Kesho yake nikapakua data. Mwisho wa ule mstari uliotulia palikuwa na bonde moja. Nikalikuza, nikalilinganisha na yale ya mama, moja baada ya jingine. Langu halikufikia nusu ya kina cha bonde lake lolote. Ubani haukupungua, hilo nina hakika nalo. Basi yalikuwa makaa. Sikujua mama alikuwa akitia makaa kiasi gani, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuliza.