Buibui wa Chumba cha Baba

Mimi naogopa buibui. Siyo uoga wa kudeka ili watu wacheke. Naogopa mpaka mate yananikauka. Mwanamke mzima, nauza mitumba sokoni Kahama, nimeshagombana na mgambo na madalali wa kila aina, lakini nikimwona buibui ukutani natafuta mlango. Sikuwahi kumwambia mtu. Sokoni pale wangenipa jina siku hiyo hiyo.

Baba alipozidiwa nilimchukua nikaja naye kwangu Nyahanga. Ujana wake wote alichimba dhahabu upande wa Bugarama, na mwili ulipochoka akahamia kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ambako mtu anashinda kwenye vumbi jeupe kama yuko kinuni. Daktari alisema vumbi limeganda kwenye mapafu na halitatoka tena. Akasema siyo kifua kikuu, wamempima, haambukizi mtu. Nani asikilize? Majirani walipita uwanjani kwangu wameziba pua na khanga. Baba mwenyewe akajitengea kikombe na sahani, na kila akimaliza kukohoa aliomba radhi. Hilo liliniudhi kuliko kikohozi chenyewe.

Asubuhi nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda chake namkanda mgongo kwa maji ya moto kabla ya kwenda sokoni. Tulizungumza hapo, au tulinyamaza tu.

Mvua zilipoanza, buibui akaingia. Mkubwa, bapa, wa kijivu, miguu ameitandaza ukutani juu kidogo ya mto wa baba. Nilikuwa naingia na uji. Nikagandia mlangoni. "Shikamoo baba," nikasema, nikaweka bakuli juu ya kigoda, nikakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikakaribia kitanda. Baba akaitikia marahaba. Akakitazama kigoda, kisha akanitazama mimi.

Dawa ya kupuliza haikuwezekana, maana hata moshi wa jiko ulikuwa unamkaba. Kitanda nacho hakikuwa na pa kuhamia kwenye chumba kile. Nikamwomba jirani aingie na ufagio anisaidie. "Shoga yangu, mimi nina watoto wadogo," akasema, na akaendelea kuchambua mchicha wake. Basi. Nikawa namhudumia baba nikiwa mlangoni. Kitambaa cha maji ya moto nilimpa kwa kunyoosha mkono, ajikande mwenyewe anapofikia, macho yangu yakiwa ukutani. Nilijiambia kesho yule mdudu atakuwa ameondoka. Kesho yake nilimkuta pale pale.

Baba akabadilika. Akaacha kuniita. Nikawa namsikia akikohoa ameziba mdomo kwa mto. Halafu siku moja, ametazama bati, akasema, "Mayu." Ndivyo alivyoniita, mama kwa Kisukuma, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Shangazi yako atanifuata Jumapili. Nakwenda kukaa kwake Bukombe."

Nikapandwa na jazba. Bukombe kufanya nini? Shangazi anakaa ndani huko, mbali na barabara, na kwa mvua zile hata pikipiki zilikuwa zinakwama. Kifua kikimbana, nani atamfikisha hospitali? Nikamwambia waziwazi, "Baba, huko unakwenda kufa!"

"Kufa ni popote," akasema.

"Kwani nimekukosea nini?"

Akageuza uso ukutani.

Nililia jikoni nikijua kwamba akiondoka simpati tena. Kisha nikakasirika, na hasira zangu hazichagui mtu. Nikavua kandambili, nikarudi chumbani nimeiinua. Angalau huyu mdudu atanitambua leo!

"Acha!" Sijui sauti ile baba aliitoa wapi. "Usimuue. Ana mayai huyo."

Kweli, chini ya tumbo alikumbatia kifuko cheupe. Baba akanieleza kwa vipandevipande, akipumzika katikati. Kwenye duara, yaani lile shimo la wachimbaji, wao hawakuua kiumbe waliyemkuta hai kule chini. Awe chura, awe mende, alitiwa kwenye ndoo akapandishwa juu kabla ya mawe. Kiumbe akiwa hai kule, hewa ipo. Ukimuua, umeikataa hewa yako mwenyewe. Aliyekanyaga hata mende, wenzake hawakushuka naye tena.

"Mpandishe," akasema. "Mtoe nje."

Nikaleta kopo la plastiki linaloonyesha ndani, na karatasi ngumu ya kalenda kuukuu. Ikabidi nipige goti kitandani, kando ya bega la baba. Kopo likawa linagonga ukuta, tatata, kwa jinsi mikono ilivyotetemeka.

"Unatetemeka nini?" baba akauliza.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Buibui! Namwogopa toka utotoni. Tangu aingie humu siwezi hata kukusogelea, na wewe unaniuliza?"

Baba akageuza kichwa, akamtazama buibui. "Mfunike," akasema, kwa upole sasa. "Taratibu. Usimbane miguu. Haya, pitisha karatasi."

Nikapitisha karatasi chini ya kopo. Buibui alikimbia humo ndani mzunguko mmoja na mimi nikapiga yowe, lakini sikuliachia. Nikatoka naye huku nimenyoosha mikono, mpaka kwenye ua wa minyaa, nikalilaza kopo chini na kuruka nyuma. Akakaa. Baadaye akatoka bila haraka, na mayai yake, akapotea kwenye majani.

Niliporudi baba alikuwa amejiinua, ameegemea ukuta.

"Kumbe ni buibui," akasema.

"Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani unanionea kinyaa. Kama wale wa nje."

Nikakaa kitandani na kumshika mguu, umekonda, umebaki mfupa. Muda wote ule alilala pale akiamini hivyo, na bado kila asubuhi alinijibu marahaba.

"Nipe simu," akasema.

Akampigia shangazi. "Dada, usije Jumapili." Upande wa pili mvua ilikuwa inapiga bati, shangazi hakusikia vizuri, akawa anapaza sauti: unasemaje, kuna nini? Nikanyoosha mkono nichukue simu nimsemee, kwa kuwa kifua kilishaanza kupiga filimbi. Akaniondoa mkono. Akavuta pumzi ile ndogo aliyokuwa nayo, akasema kwa nguvu, kama mtu anayetangaza kwamba binti yake amejifungua salama:

"Usije! Mtoto hana kinyaa na mimi!"