Linux kwenye laptop ya dada yangu: kero nne, nilipohesabu tena zikawa tano

Wakuu, salaam kutoka Mpanda. Hii imenitokea mwenyewe, na chumvi sijaongeza, maana hata ya mboga huwa napima.

Dada yangu Kabula ni mwalimu wa shule ya msingi huko Sibwesa. Alikuja mjini na laptop yake. Windows inawaka kwa muda wa kuivisha maharage.

Nikamwambia niiweke Linux, ni nyepesi.

"We Masanja, mitihani ya watoto iko humo, Jumatatu na-print. Ikigoma, utakuja kuiandika ubaoni mwenyewe, madarasa matatu."

Nikaomba siku tatu, akatoa mbili. Nikaomba na chapati. Akakubali.

Mitihani nikaihamishia kwenye flash mbili. Linux ikaingia bila shida, kisha zikaanza kero.

Touchpad haisikii kugongwa. Settings, weka tick, imeisha.

Wi-Fi haionekani. Nikachomeka simu kwa waya, nikawasha USB tethering, driver ikashuka.

Mwanga wa skrini kila ukiwasha unarudi juu. Nao ukatulia.

Ya nne ni printer ya shule, inataka driver ya kudownload. Sibwesa network ni ya kupandia kichuguu, kwa hiyo lazima ishuke hapa mjini, kabla dada hajapanda basi kesho yake.

Asubuhi nakaa nayo, update inagoma. Terminal inasema file "is not valid yet", bado masaa matano na dakika hamsini.

Ajabu, browser inafungua kila kitu.

Nikabadili laini. Nikabadili mirror, yaani server ya kushushia mafaili. Nikatoka nje nikarudi. Nikaanza kuutukana mnara.

Dada na chai yake: "Ulisema nyepesi. Naona imepeperuka."

Nikasoma error mara ya pili. Masaa sita kasoro kidogo. Nikaangalia saa kwenye kona ya skrini: 2:40. Simu yangu: 8:40.

"Dada, nani kagusa saa?"

"Mimi. Ilikuwa imekosea, inasema nane wakati ni saa mbili. Nimekusaidia, hata asante huna?"

Kumbe kazima automatic time, kaiwekea saa yetu ya Kiswahili. Laptop inajua ni usiku wa manane, mafaili ya leo kwake hayajazaliwa.

Nikairudisha automatic:

sudo timedatectl set-ntp true

Update ikapita, driver ikaingia.

Sasa mwenye mali akagoma. "Saa inayodanganya sisafiri nayo."

Tukapatana hivi: kwenye panel ya skrini saa ziwe mbili. Moja ya kompyuta, isiguswe. Ya pili nikaiwekea timezone ya São Paulo, Brazil, maana wako nyuma yetu masaa sita kamili. Nimehesabu mara mbili. Sisi tukiwa saa mbili asubuhi, yenyewe inaandika 2:00.

Akaikagua, akaibeba.

Jumatatu nikakaa na simu mkononi, nikijiona na chaki. Ujumbe ukaingia:

"Imetoka yote, madarasa matatu. Hapa Brazil ni saa nne, watoto wanakunywa uji."

Nilichojifunza: update ikigoma na intaneti ipo, angalia saa kabla hujautukana mnara. Halafu uliza waliomo ndani ya nyumba.

Nyie mlioweka Linux, kero gani iliwatoa jasho? Leteni hapa, ila hesabuni kwanza.