Redio Kwenye Mto Kuja

Juzi, langoni mwa soko la Uriri, nilimwona askari akibonyeza kitufe cha redio ya mkononi, akisema, akikiachilia, kisha akisikiliza. Nikakumbuka alasiri ile Mto Kuja ulipofurika, mama akiwa mgonjwa sana ng'ambo ya pili. Polisi alimpa nyanya redio yake, iliyonuka jasho na ngozi, azungumze na mama kupitia redio ya polisi mwenzake aliyekuwa naye kule.

Nyanya alikibana kitufe kwa nguvu zote, akaita kwa Kijaluo, "Nyathina! Nyathina!" yaani mwanangu.

"Nyanya, achilia ndio umsikie!" polisi alimsihi, lakini nyanya hakujua Kiswahili, nami nilikuwa mdogo mno kumtafsiria. Aliita, aliita, hadi betri ikaisha, tukabaki na ngurumo ya maji. Nilidhani mama amekataa kutujibu.

Maji yalipopungua tulivuka, tukakuta kaburi lake. Polisi wa huko alituambia mama aliitika kila alipoitwa.