Jengo Lililolala Chali

Enzi zetu, nanyi mliokula kabalagala, yale maandazi ya ndizi ya asubuhi pale Nakivubo, mtanielewa, jengo refu halikupigwa picha kwa kuinua uso kama kuku anayekunywa maji. Baba yangu alipiga picha za majengo kwa kamera kubwa ya mbao yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi kilichonuka jasho na tumbaku. Aliisawazisha kwa pima maji kama mwashi, kisha akalegeza skrubu na kuipandisha lenzi peke yake, polepole. Sanduku lilibaki wima palepale.

Siku moja nikaleta ujuaji wa kitoto, nikamwambia aielekeze tu juu. Akanijibu, "Kamera ikitazama juu, nyumba inaanguka nyuma. Wacha ikae sawa, jicho tu ndiyo inapanda." Akaniingiza chini ya kitambaa. Mle ndani joto lilikuwa la tanuri, na mji mzima ulikuwa kichwa chini juu ya kioo cha kamera, wachukuzi wa soko la Kikuubo wakitembea angani na mizigo yao. Nilicheka mpaka machozi.

Watu wakiiona kamera walijipanga mbele ya jengo na kufunga vifungo vya shati, wakidhani wanapigwa wao. Baba hakuwafukuza, alingoja wachoke. Kungoja! Vijana wa leo hata ladha yake hawaijui.

Mwaka huu tukasikia kwamba linabomolewa lile jengo ambamo mama alishona nguo, ghorofa ya juu kabisa, miaka yote ya utoto wetu. Mama, ambaye magoti hayamtoi tena nyumbani Bwaise, aliomba kitu kimoja tu, picha ya jengo hilo ya kutundika ukutani. Kamera ya baba na picha zake zote zilishakwenda na mafuriko. Nikamwomba Zuhura, binti wa kaka yangu, mpiga picha za harusi. Nikamsihi apande ghorofa ya duka la ng'ambo ya barabara, aishike simu wima, isitazame juu. Akasema nisijali, simu italinyoosha jengo yenyewe.

Alisimama chini ya ukuta, akainua simu, akabonyeza, akaenda zake kula chipsi. Jengo likatoka limelala chali kama mlevi. Alipolinyoosha kwa kidole, simu ikakata ghorofa ya juu, ile ile ya mama. Nilichemka! Nikamwambia arudi kesho. Kesho akawa na harusi. Keshokutwa mabati yalishazungushwa, makatapila yako ndani.

Nikampelekea mama ile iliyolala. Aliisogeza karibu na macho, akaitazama sana, akanirudishia.

"Hii hapana yetu," akasema. "Yetu ilikuwa nasimama."

Enzi zile baba alikuwa akirudi jioni na picha moja, nasi tuliona imetosha. Zuhura ana maelfu ndani ya simu, na ukutani kwa mama kuna msumari mtupu.